Kufuli ya Nje Humwambia Mwizi Hupo

Mtu akivunjiwa nyumba Kawangware, ushauri wa kwanza anaopewa ni ule ule: nunua kufuli nzito, weka mlango wa chuma, mwite fundi wa kuchomelea atie grili dirishani. Kibera ni hivyo hivyo, kutoka Laini Saba hadi Gatwekera. Tumeamini kwamba usalama huuzwa kwa kilo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, hata asiye na pesa za chuma akiibiwa, tunasema amejitakia. Imani hiyo ni potofu. Imetula pesa miaka mingi, na siku nyingine inatula wenyewe.

Itazame nyumba kwanza. Vyumba vingi vya Kibera vina kuta za miti na matope au za mabati. Kawangware kuna ploti nyingi za mawe, lakini mabati bado yapo tele, Gatina kwa mfano. Mpangaji anayefunga mlango wa chuma kwenye ukuta wa bati ameimarisha mahali pamoja tu, na mwizi ana pande nyingine tatu na paa la kuchagua.

Halafu itazame kufuli. Ukiwa ndani unatia komeo. Ukitoka unaning'iniza kufuli nje. Anayepita kichochoroni hana haja ya kubisha hodi ili ajue nani yupo na nani ameenda kibarua. Kadiri kufuli inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyoonekana kwa mbali, na ndivyo inavyotangaza kwamba ndani kuna kitu. Tunalipia tangazo tukidhani tumelipia ulinzi.

Grili nazo zina deni kubwa zaidi. Machi 2001, wavulana 67 wa Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla, wasichana zaidi ya 20 walikuwa wamekufa vivyo hivyo katika shule ya Bombolulu, Kwale. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ukasema wazi kwamba madirisha ya mabweni yasiwe na grili na milango ifunguke kuelekea nje. Somo tuliloandika kwa vifo vya watoto wa shule tumekataa kulisoma nyumbani. Tunaishi kwenye vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupenya, chini ya nyaya za stima zilizounganishwa kiholela, na bado tunajifungia ndani ya kizimba. Wako kina mama wanaowafungia watoto kwa nje wakienda kufua nguo za watu Lavington au Kilimani. Siwalaumu. Wamefanya hivyo kwa sababu hawana wa kumwachia mtoto, na hapo ndipo penye kidonda chenyewe.

Kinacholinda ploti ni macho ya watu, na baada ya macho, mdomo. Mchana, nyumba zikiwa tupu, ploti haiwi tupu. Yupo anayefua karibu na bomba, yupo anayekaanga mandazi langoni, yupo kijana aliyekosa kazi siku hiyo. Mtu akitoka na televisheni ya mwenzao begani, wote humwona. Wananyamaza kwa sababu hawajui kama ni binamu ya mpangaji, ni fundi, au ni mpangaji mwenyewe anayehama. Wameishi ukuta kwa ukuta bila kujuana majina. Mwizi hupita katikati ya ujinga huo akitembea polepole. Swali moja tu lingemvunja nguvu: "Unamtafuta nani?"

Lugha yetu wenyewe ilishatoa jibu. Zile taa za milingoti mirefu zilipoanza kusimamishwa mitaani kwetu, wananchi waliziita mulika mwizi. Hakuna aliyeziita zuia mwizi. Walijua kwamba mwizi huogopa kuonekana kuliko anavyoogopa chuma. Huko Chicago, mwanasosholojia Robert Sampson na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti uliowahoji wakazi zaidi ya 8,000. Waligundua kwamba mitaa ambayo majirani wanaaminiana na wako tayari kuingilia kati ilikuwa na ukatili mdogo zaidi, hata umaskini ulipozingatiwa. Utafiti huo ulihusu ukatili, haukuhusu wizi wa nyumba, lakini mzizi wake ni ule ule: mtaa maskini si lazima uwe mtaa usio na ulinzi.

Najua pingamizi litakalokuja. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi wa ploti mara nyingi ni wa ploti, au amepewa habari na wa ploti. Ni kweli. Lakini kufuli itamzuiaje anayejua saa unayotoka na saa unayorudi? Mtu wa ndani huzuiwa na wenzake wa ndani, wanaomjua, wanaojua amelala wapi na ameanza lini kuleta wageni wasioeleweka. Kujitenga kunampa nafasi yeye.

Na tukiri jingine lililo gumu zaidi. Mtungi wa gesi wa kilo sita ulioibwa Kibera leo unapikia mtu fulani kesho, kwa bei ambayo alijua si ya halali. Sheria ya Kenya ya makosa ya jinai inampa mvunjaji wa nyumba usiku kifungo cha hadi miaka 10, na anayepokea mali ya wizi hadi miaka 14. Waliotunga sheria walielewa kwamba bila mnunuzi hakuna mwizi. Anayenunua simu bila kuuliza imetoka wapi, kisha akanunua kufuli kubwa, analinda mlango mmoja na kufungua mia.

Umoja wa majirani ninaousema si ule wa petroli na tairi. Kundi linalomchoma mtu halijalinda nyumba yoyote. Limeua, na mara nyingine limeua asiye na hatia. Mwizi akikamatwa, apelekwe kituoni, aliyeibiwa aandikishe na apewe nambari ya kitabu cha matukio (OB).

Landilodi anayekusanya kodi ya vyumba ishirini aweke taa uani na keateka anayejua wapangaji wote kwa majina. Serikali ya kaunti iwashe mulika mwizi zilizozimika na kupanua vichochoro. Mpango wa Nyumba Kumi wa majirani kulindana, uliotangazwa 2013 kwa mfano wa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, urudi mikononi mwa majirani.

Nawe mpangaji, funga mlango wako, hakuna anayekukataza. Lakini ile pesa ya kufuli ya pili, changa na wenzako mnunue balbu ya uani na kumlipa mlinzi wa usiku. Kama una grili, mwite fundi aiwekee bawaba iweze kufunguliwa na aliye ndani. Kisha jioni hii bisha hodi mlango wa pili, mjue jirani jina lake, mwachie nambari yako ya simu. Kesho ukiwa kibaruani, huyo ndiye atakayeuliza, "Unamtafuta nani?"