Mbwa hasumbuliwi na mkanda, anasumbuliwa na kamba isiyofunguliwa

Katika nyua za Kipese, kwenye milima ya wilaya ya Lubero, mbwa anaonekana mara nyingi mahali pamoja: nyuma ya jikoni, karibu na zizi la mbuzi, shingoni kamba ya nailoni ao kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki. Alifungwa hapo akiwa mdogo. Hakuna mtu nyumbani anayekumbuka siku ambayo kamba hiyo ilifunguliwa mara ya mwisho. Watoto wanamtupia mabaki ya bugali, mgeni akifika anabweka, na maisha yanaendelea. Mtu akiuliza kama mbwa huyo anajisikia vizuri na kitu hicho shingoni, jibu ni kicheko: mbwa ni mbwa.

Lakini swali lenyewe si la kuchekesha, na jibu lake si gumu. Mkanda wa shingo, ule ambao wengi Butembo na Beni wanauita kolie kwa kufuata Kifaransa, si adui wa mbwa. Ukiwa mpana, mwepesi na wenye nafasi, mbwa anauzoea. Siku ya kwanza atajikuna kwa mguu wa nyuma, atatikisa kichwa, atajiviringisha kwenye vumbi. Siku chache zikipita anausahau, sawa vile mtu anavyosahau saa mkononi. Kinachomtesa ni kitu kingine: kamba nyembamba inayokaa mchana na usiku, na mwenye mbwa asiyepitisha mkono hata mara moja kuangalia.

Mbwa hasemi, lakini anaonyesha. Anayeumizwa shingoni anajikuna pale pale hadi manyoya yanaisha. Anakohoa ao kukoroma akivuta. Anasitasita kuinamisha kichwa kwenye sahani. Mkono ukikaribia shingo, anageuka na kuonyesha meno, na hapo watu wanasema amekuwa mkali, wanamwongezea fimbo. Kuna mtihani mmoja mwepesi ambao hauombi pesa wala muganga: mwenye mbwa achukue ule mkanda mkononi na amwite. Mbwa akija akitikisa mkia, maana yake anajua kwamba mkanda ni safari, ni shamba, ni kutembea na bwana wake. Akilaza masikio na kurudi nyuma, mkia kati ya miguu, naye pia amejibu.

Wataalamu wamepima jambo hili kwa vyombo. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006, mbwa walivuta wakiwa na mkanda wa shingo, kisha wakavuta wakiwa na mshipi wa kifuani. Walipovuta kwa shingo, shinikizo ndani ya macho yao lilipanda. Walipovuta kwa kifua, halikupanda hivyo. Mwaka 2020, watafiti wa chuo kikuu cha Nottingham Trent, Uingereza, walitumia shingo ya bandia kujaribu mikanda ya aina mbalimbali, na hawakuona hata mmoja ambao ungevutwa kwa nguvu bila hatari ya kuumiza. Sababu yake inaeleweka hata bila kusoma sana: ndani ya shingo mnapita bomba la hewa na mishipa ya damu inayokwenda kichwani. Shingo ya mbwa si kigingi cha kufungia mbuzi. Basi mkanda ni wa kubeba alama na kumshika mbwa kidogo, si wa kumkokota.

Jambo hili halihitaji kutafutwa Ulaya. Hapa hapa Kivu ya Kaskazini, mbuga ya Virunga ilianzisha kikosi chake cha mbwa mwaka 2011, kwa msaada wa muganga wa wanyama kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Walianza na mbwa wa aina ya bloodhound, wenye masikio marefu na pua inayofuata harufu ya mtu masaa mengi baada ya kupita. Mbwa wa kazi kama hiyo anavuta sana akiwa juu ya nyayo, mwili wake mzima unakwenda mbele ya mlinzi anayemshika. Ndiyo maana mbwa wa kunusa huvalishwa mshipi wa kifuani na kamba ndefu: anavuta kwa kifua na mabega, koo linabaki huru kwa kupumua na kunusa. Na kuvalishwa mshipi huo kunakuwa kwake kama kengele ya kuingia kazini. Akiuona, anajua siku imeanza.

Zamani zaidi ya hapo, wawindaji wa msitu wa Ituri, majirani wa Beni upande wa kaskazini, walikuwa na ujuzi wao. Mbwa wao mdogo, mwenye mkia uliojikunja, habweki kama mbwa wengine. Akiingia ndani ya msitu hasikiki. Kwa hiyo wanamfungia shingoni kengele ya mti, ili mlio wake uonyeshe alipo na kuwasukuma wanyama kwenye nyavu. Mbwa huyo leo anajulikana duniani kwa jina la basenji, na anapita kwenye mashindano ya uzuri huko Uingereza na Marekani akiwa amesuguliwa manyoya. (Jina lenyewe ni ndugu wa neno la Kiswahili washenzi. Wageni waliwatukana watu wa msitu, kisha wakamchukua mbwa wao kwa heshima zote.) Kile kinachopaswa kuangaliwa ni matumizi ya kengele ile. Ilikuwa shingoni kwa sababu ya kazi, na mbwa alikuwa anakimbia nayo. Hakufungwa nayo kwenye nguzo.

Turudi uani. Hatari kubwa kwa mbwa wa Kipese inaanza akiwa mtoto. Mtoto wa mbwa analetwa nyumbani akiwa wa miezi miwili, shingo yake inaingia ndani ya mkono wa mtu. Anafungwa kamba, fundo linakazwa vizuri ili asitoroke. Miezi inapita, mbwa anakua, kamba haikui. Kwanza manyoya yanakatika, kisha ngozi inachubuka, kisha nyama inaanza kufunika kamba, na kwa mbali mtu anaona tu kama mstari mweusi shingoni. Nzi wanakuja. Funza wanafuata. Harufu ikianza kusikika, jirani anasema mbwa ameoza, auawe. Mbwa hakuoza. Alifungwa na fundo ambalo halikufunguliwa.

Baridi na mvua ya milimani vinaongeza tabu. Kamba ya nyuzi za mimea ikilowa hujikaza. Nailoni haijikazi, lakini inakata, kwa sababu ni nyembamba na ngumu. Mpira wa tairi unashika maji chini yake, ngozi haikauki, vidonda vinaanza. Waya, ambao nao hutumiwa wakati mbwa amezoea kutafuna kamba, haupaswi kuguswa shingo ya kiumbe chochote. Nyororo ya chuma inafaa kati ya mkanda na nguzo, si juu ya ngozi.

Dawa ya haya yote ni rahisi kuliko ugonjwa. Mikanda inayouzwa kwenye maduka ya Butembo, inayofika pamoja na bidhaa nyingine kutoka China, si kila mkaaji wa kijiji anaweza kuinunua, na si lazima. Fundi viatu wa sokoni anaweza kushona mkanda mzuri kwa utepe wa mfuko mkuukuu wa shule, upana wa vidole viwili ao zaidi, na kifungo cha mshipi wa suruali. Ukifungwa, vidole viwili vya mtu mzima vipite kati yake na shingo bila kulazimisha. Kwa mtoto wa mbwa, vidole hivyo vipitishwe kila juma. Mbwa akilowa, mkanda utolewe ukauke. Usiku, penye lupango iliyofungwa vizuri, mbwa aachiwe kabisa: hata kwa ulinzi, mbwa anayezunguka ua ni bora kuliko yule anayebweka kutoka pembe moja huku mwizi akipita pembe nyingine.

Kuna watakaosema kwamba huu ni wakati mbaya wa kuzungumza shingo ya mbwa. Wilaya ya Beni inazika watu tangu mauaji ya Oktoba 2014. Upande wa kusini mwa Lubero, Kanyabayonga ilianguka mwishoni mwa Juni 2024, na barabara ya kuelekea Butembo ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Mbele ya mambo hayo, mbwa ni nani?

Pingamizi hilo ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa maneno matamu juu ya upendo wa wanyama. Linajibiwa na mtoto aliyeumwa. Mjini Denver, Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1994 ulilinganisha mbwa waliouma watu na wale ambao hawakuuma, ukaona kwamba waliouma walikuwa zaidi wale wanaofungwa nyororo uani. Mbwa asiyeweza kukimbia anabaki na njia moja tu ya kujilinda. Mtoto anayepita karibu naye akitafuta mpira wake hajui hilo.

Na meno ya mbwa yanaweza kubeba kichaa, ule ugonjwa unaoitwa pia raje. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo, hata katika hospitali kubwa za dunia. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linasema karibu visa vyote vya watu vinatoka kwa mbwa, na karibu wanne kati ya kumi wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kidonda kinapaswa kuoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu akimbizwe kwenye hospitali kwa ajili ya chanjo, ambayo haipatikani katika kila kituo cha afya cha kijijini. Kwa familia inayoishi kwa kuuza viazi na poro, safari hiyo ni mzigo mkubwa kuliko chanjo ya mbwa wote wa ukoo.

Hapo ndipo mkanda unapokuwa na faida ambayo wengi hawaifikirii. Katika vijiji vinavyozunguka mbuga ya Serengeti, Tanzania, mbwa waliochanjwa walifungwa mikanda shingoni ili wanaopita baadaye waweze kuhesabu ni wangapi wamechanjwa na wangapi bado. Lengo linalojulikana duniani ni kufikia mbwa 70 kwa kila 100. Hapo ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kwa wakaaji, mkanda ule ulikuwa barua inayosomwa kutoka mbali: mbwa huyu ana mwenyewe, na amechanjwa. Mbwa asiye na alama huhesabiwa wa barabarani, na amri ya kuua mbwa wanaozurura ikitolewa, yeye ndiye wa kwanza kupigwa.

Butembo haikosi watu wa kusaidia kazi hiyo. Chuo kikuu cha kikatoliki cha Graben, UCG, kina kitivo cha uganga wa wanyama, na wanafunzi wake wanahitaji mahali pa kujifunza kwa mikono. Ofisi za mifugo zipo. Mashindano ya mpira, misa za Jumapili, siku za soko, zote zinakusanya watu. Mbwa pia wanaweza kukusanywa. Siku 28 Septemba, inayowekwa kila mwaka kwa kupambana na kichaa cha mbwa, ingeweza kuwa siku ya kuchanja na kufunga mikanda Kimemi, Bulengera, Mususa na Vulamba, na hata kupanda milimani pale usalama unaporuhusu. Lakini mikanda ya aina hiyo iwe mipana na yenye nafasi. Alama ya chanjo ikigeuka kidonda, mwaka unaofuata hakuna atakayeleta mbwa wake.

Halafu kuna usiku wa kukimbia. Wakaaji wa eneo hili wanaujua: milio ya risasi, mtoto mgongoni, sufuria, karatasi za shule, na mlango unaofungwa bila kujua utafunguliwa lini. Katika haraka hiyo mbwa aliyefungwa nyuma ya jikoni hakumbukwi. Aliyekuwa huru anafuata familia yake barabarani, ao anajitafutia. Aliyefungwa anabaki na sahani tupu, anavuta mpaka nguvu zinaisha. Wanaorudi baada ya majuma wanamkuta pale pale.

Kwa hiyo hata yule anayelazimika kumfunga mbwa wake angechagua namna ya kufunga. Kamba iungane na mkanda kwa kitanzi kinachofunguka kwa kuvuta mara moja, si mafundo matatu yaliyokauka na matope. Na katika kila nyumba mtoto mmoja, yule mwenye kumpa mbwa chakula, aonyeshwe kitanzi hicho mchana, akijaribu mara mbili tatu, ili usiku mkono wake ukijue hata bila taa.