Shukrani si kunyamaza

Napara samaki Feri, pale Magogoni. Mnada ukishachangamka alfajiri, magamba ya changu hunirukia mpaka kwenye kope, na mteja anataka wake watolewe matumbo haraka awahi pantoni ya Kigamboni. (Daraja lipo tangu 2016, lakini sisi wa Feri na pantoni hatuachani.) Mikono ikipumzika, mama ntilie hunipa chapati na supu ya pweza, hela baadaye. Hapo nasema alhamdulillahi, kwa moyo mmoja.

Ila wapo wanaotaka tushukuru ili tunyamaze. Siafiki. Namshukuru Mungu, namshukuru na mama ntilie. Mkusanya ushuru namdai maji na mitaro inayopitisha. Tuzibulieni mitaro kabla ya masika.