KUMI NA MBILI ZA NINI?



Muhula uliopita mimi na wenzangu wawili tulichora grafu ya mvua ya mwaka mzima, ile tuliyoipima nyuma ya maabara. Tulitumia ggplot2, programu ya bure inayotumiwa na wanasayansi wengi ulimwenguni. Mambo yalikwenda shwari hadi tulipofika kwenye maandishi. Majina ya miezi tuliyapa ukubwa wa 12, yakatoka safi kama ya kitabuni. Tarakimu za juu ya kila nguzo tukazipa 12 vilevile. Lo! Zikatoka kubwa kama maandishi ya ubavuni mwa matatu, zikipandana na kufunika nguzo zenyewe. Tukabahatisha 10, tukabahatisha 8, kengele ya kulala ikalia. Siku ya maonyesho jaji akauliza, "Sasa hapa Aprili ni ngapi?" Hata mimi mwenyewe sikuweza kuisoma.

Kumbe! Ile 12 ya miezi ni pointi, kipimo cha kale cha wapiga chapa. Pointi 72 na kidogo hufanya inchi moja. Kwa hiyo pointi 12 ni kama milimita 4.2 hivi. Lakini 12 ya maandishi ya ndani ya grafu ni milimita 12 kamili, yaani pointi 34! Ukitaka yalingane, chukua pointi zako ugawanye kwa 2.845. Programu ni moja, nambari ni moja, vipimo viwili, na skrini imenyamaza kimya.

Wapo watakaosema kosa ni letu, tungesoma maelezo. Haya, nakubali nusu. Tena waundaji wana sababu yao: duara na vialama vingine vya ndani ya grafu navyo hupimwa kwa milimita, wakaona maandishi yafuate. Na toleo la 3.5.0 la mwaka 2024 limekuruhusu kutaja kwamba unataka pointi. Lakini usipotaja, inarudi palepale kwenye milimita, bila kukwambia. Anayejua kwamba kuna cha kutaja ni yule ambaye tayari ameshaumwa!

Mwalimu wetu wa Fizikia hukata alama ukiandika "12" ukaacha hivyo. Huandika kwa wino mwekundu: "12 za nini? Maembe?" Zamani tulimwona mkali mno. Sasa nasema programu nayo ikatwe alama. Nambari isiyo na kipimo isikubaliwe kabisa. Mtu aandike pointi au milimita, na asipoandika aulizwe. Ni jambo la neno moja tu, jamani.

Grafu yetu tumeichora upya, iko ukutani maabara, tarakimu zake 4.2. Chini yake nimeongeza kwa kalamu, "za milimita". Atakayecheka na acheke.