Treni imeisogeza pwani karibu na Dodoma: Tuone nini, tule nini?

Na Mwandishi Wetu, Mkonze

MIAKA michache iliyopita, mkazi wa Mkonze aliyetaka kuiona bahari alidamka alfajiri, akapanda basi, na siku yote ikaishia barabarani. Mapumziko ya mwisho wa juma yalimalizika kabla hajaonja hata kipande cha samaki.

Hali hiyo sasa imebadilika. Tangu Agosti 1, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua rasmi safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, mwendo huo huchukua takribani saa nne. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA mwaka huo ilikuwa Sh31,000. Mwalimu, karani au mfanyabiashara wa zabibu anaweza kuondoka Ijumaa jioni na kurejea Jumapili.

Kwa hiyo swali si tena tutafikaje pwani. Swali ni kwamba tukifika, tuone nini na tule nini?

Jibu la wengi linafahamika: ufukwe, muziki, chipsi na nyama choma. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini nyama choma tumeiacha nyuma yetu Dodoma, tena nzuri kuliko ya huko tuendako. Aidha, anayepita kando ya miji mikongwe ya pwani bila kuingia anaikosa historia ambayo sehemu yake ni ya kwake mwenyewe, na wenyeji wa miji hiyo wanaikosa fedha yake.

Tuanze na Bagamoyo, takribani kilomita 70 kutoka Dar es Salaam. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, ikapita Ugogo na Mpwapwa hadi baharini. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu. Watu waliotekwa waliswagwa katika njia hiyo hiyo kwenda kuuzwa.

Ugogo haukuwa mahali pa kupita bure. Watemi wa Kigogo walitoza ushuru kila msafara uliokanyaga nchi yao, na ushuru huo uliitwa hongo, neno ambalo leo limebaki na maana ya rushwa. Misafara haikuwa na hiari, kwani bila maji na nafaka za Wagogo isingeweza kulivuka eneo hili kame. Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani Juni 1857, walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba mwaka huo.

Kwa mtu wa Dodoma, basi, kwenda Bagamoyo ni kwenda kuuona mwisho wa barabara iliyopita mlangoni pa babu zake. Hicho ndicho kigezo cha kwanza cha kuchagua la kuona: lipi linakuhusu?

Kwa kigezo hicho, siku moja ya Bagamoyo inatosha mambo matatu. La kwanza ni Caravan Serai, jengo linalokumbusha kituo cha misafara. La pili ni misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako watu waliokombolewa utumwani walipewa makazi, na ambako mwili wa David Livingstone ulifikishwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye London. La tatu ni magofu ya Kaole, kusini kidogo mwa mji, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Anayetaka kuyaona majengo yote ya Wajerumani siku hiyo hiyo ataondoka na picha nyingi na kumbukumbu chache.

Mwenye siku mbili anaweza kupanda boti ya mwendo kasi na kufika Zanzibar kwa takribani saa mbili. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na vichochoro vyake vina mengi kuliko miguu ya mtu mmoja. Hapa pia ni heri kuchagua. Kanisa la Anglikana la Mkunazini, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa, ndilo linalokamilisha simulizi iliyoanzia bara. Soko la Darajani lililofunguliwa mwaka 1904 linaonyesha mji unavyoishi leo.

Lipo pia jengo la Beit el Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Desemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Tukio hilo lilikumbusha kwamba mawe ya chokaa hayasimami kwa sifa. Husimama kwa matunzo, na matunzo hugharimu fedha. Kiingilio anacholipa mgeni wa ndani ni kidogo kuliko kile cha mgeni wa nje, lakini kikilipwa na wengi ni mchango.

Sasa tuje mezani. Chakula cha pwani nacho ni historia. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipopita pwani hii mwaka 1331 kuelekea Kilwa, alikaribishwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa na achari ya ndimu. Karibu miaka 700 baadaye, wali na achari bado vinakaa sinia moja.

Mgeni kutoka bara atafute kile ambacho kwao hakipatikani. Zanzibar, urojo wenye bajia na kachori, mikate ya kumimina na samaki wa kupaka ni bora kuliko sahani yoyote iliyoandikwa kwa Kiingereza. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, ina vyakula vingi jioni, lakini si vyote vimeiva siku hiyo. Busara ni kusimama palipo na foleni ya wenyeji, kuuliza bei kabla ya kuagiza, na kuomba samaki apikwe mbele ya macho yako. Bagamoyo, samaki hukaangwa pale pale sokoni karibu na ufuo, na hakuna hoteli inayoweza kuushinda upya wake.

Ni vema pia kufahamu majira. Pweza hupatikana kwa wingi wakati wa bamvua, maji yanapokauka mbali na miamba ikabaki wazi. Upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, vyombo vidogo hutoka kwa nadra na samaki hupanda bei. Mwezi wa Ramadhani, kula hadharani mchana Zanzibar ni kuwakosea wenyeji heshima. Asubiriye futari hupata meza tajiri kuliko siku nyingine zote.

Je, uchaguzi wa mtu mmoja una uzito gani? Mfano upo Malindi, Kenya, ambako Waitaliano walianza kuweka makazi na hoteli tangu miongo ya 1960 na 1970. Leo lugha yao inasikika madukani, na tambi na aiskrimu ya kwao hupatikana kirahisi. Kazi zimepatikana, hilo halipingwi. Lakini mji hupika kile ambacho mwenye fedha anakiagiza.

Waitaliano wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 2017 ufundi wa wapika piza wa Napoli, mji mkongwe wa bandari, uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Venice nako kumefundisha somo chungu zaidi: mwaka 2022 wakazi wa kitovu chake cha kale walipungua chini ya 50,000, na Aprili 25, 2024 mji ulianza kutoza euro tano kwa wageni wanaokuja na kuondoka siku hiyo hiyo. Mji uliosheheni wageni wanaopiga picha tu hubaki na majengo huku wenyewe wakihama.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni amelala hotelini, amekula hotelini na ameiona bahari kupitia dirisha la hotelini.

Aidha, liko deni la huku kwetu. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mpwapwa iko mkoani Dodoma, na Kilimatinde iko jirani, Singida. Hata hivyo, ni familia ngapi za Mkonze zimewahi kuwapeleka watoto wao huko? Anayerudi kutoka Bagamoyo akijua barabara ile ilitokea wapi atakuwa na sababu ya kuuliza.

Kabla ya kukata tiketi, msafiri ajiulize maswali matatu. Kipi kinanihusu? Kipi sitakila nikirudi nyumbani? Fedha nitakayoitoa itabaki kwa nani? Akiyajibu hayo, siku mbili zitamtosha, na mwenyeji wake naye atapona.