Tumemsoma Siti, hatujamsikiliza

Najua nimeadimika, lawama nazipokea. Test zimefuatana kama siafu na mwezi ujao tunaanza mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo akili haijatulia. Ila leo lazima niandike. Leo sina stori ya foleni ya kantini. Nina hasira, na nina aibu pia, na vyote viwili vimeanzia kwenye kitabu.

Wengi wenu mnakijua kile kijiwe chetu cha Ijumaa jioni chini ya mwembe. Wapenzi wa zilipendwa na taarabu asilia, watu kama tisa hivi, spika moja ndogo na karanga za jero. Muhula huu tulikubaliana kila baada ya wiki mbili tusome kitabu kimoja kinachohusu mwimbaji anayejitungia, halafu tuje tukijadili. Wazo zuri kabisa, na nilikuwa wa kwanza kulishangilia. Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu ya Wasifu wa Siti binti Saad, alioandika Shaaban Robert. Kitabu chembamba, ukipiga msuli jioni moja umekimaliza. Sote tisa tulikuwa tumekisoma, jambo ambalo kwa kijiwe chetu ni muujiza.

Sasa sikilizeni tulichojadili kwa muda wa saa nzima na ushee. Je, Siti alikuwa na sura mbaya kweli au ni maneno ya wabaya wake? Alipata pesa kiasi gani? Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa, nani alimpa hilo la Siti? Jamaa yetu wa Uchumi aliposikia kwamba yule mama alianza kwa kuuza vyungu, akitoka kijijini Fumba kuja mjini huku akiimba ili wateja wamsikie, akatuanzishia semina ya ujasiriamali. Mwingine akasema Siti ni mfano wa mwanamke mwema, mvumilivu, mnyenyekevu, na akatamani dada zetu wa chuo wamuige. Wakaitikia wengi. Mimi nilitikisa kichwa kuafiki, sitawaficha.

Ndipo dada mmoja wa mwaka wa pili, mtu wa Tanga, ambaye muda wote alikuwa anamenya karanga tu, akauliza swali dogo: "Jamani, nani anitajie nyimbo tatu za Siti, na zinasema nini?"

Kimyaaa. Mmoja akataja wimbo mmoja, akakwama kwenye jina. Watu tisa tumesoma maisha ya mwimbaji mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyeweza kusema aliimba nini!

Kuokoa jahazi mtu akaweka Kijiti kwenye spika, ule wa Bi Kidude. Bi Kidude, kwa wasiojua, alikuwa akisema kuwa uimbaji aliupata kwa kumsikiliza Siti, na hadi alipofariki Aprili 2013 alikuwa bado akiziimba nyimbo za wakati ule. Basi spika ikalia, mabega yakaanza kucheza, watu wakapiga makofi, furaha ikarudi. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha usomi wangu. Nikawaambia, mnajua mnachezea nini?

Nikawapa kisa kama nilivyokisoma kwenye kitabu cha Laura Fair, mwanahistoria Mmarekani, kilichotoka mwaka 2001. Fair alikaa na wazee wa Unguja akawauliza nyimbo hizi zilikuwa zinamsema nani na kwa nini. Kwa ufupi, Kijiti ni jina la mtu, na wimbo unasimulia mauaji. Mwanamke mgeni, aliyetoka Dar es Salaam, alichukuliwa matembezini na huyo Kijiti, akauawa, naye alikuwa mjamzito. Muuaji akakimbilia bara. Kesi ilipofika mbele ya hakimu wa Kiingereza, waliobanwa ni wanawake waliokuwa wenyeji wa yule mgeni. Siti na wenzake wakaigeuza kesi nzima kuwa wimbo, na mji mzima ukauimba.

Nikamaliza. Nikadhani watanyamaza kwa heshima. Jamaa mmoja, rafiki yangu kabisa, akaguna: "Sawa, lakini na yeye usiku alifuata nini?"

Wawili watatu wakacheka. Na mimi? Mimi nikainamia karanga.

Yule dada wa Tanga akafunga mkoba wake taratibu, akasimama, akasema: "Kumbe yule hakimu bado yuko kazini." Akaondoka zake.

Jamani. Tangu Ijumaa ile sentensi haijanitoka. Kwa hiyo leo nasema waziwazi, na wenye kijiwe mnune tu: hivi tunavyosoma vitabu vya waimbaji ni umbea uliovaa joho. Tunamsoma mtu kwa sababu alitunga nyimbo, halafu nyimbo zenyewe tunaziruka kama maelezo ya chini ya ukurasa. Tunabaki na sura yake, ndoa zake, pesa zake, tabia yake. Halafu tunajiita wapenzi wa muziki!

Kabla hamjanirukia, simlaumu Shaaban Robert. Mzee yule alifanya jambo ambalo watu wachache wa wakati wake wangelifikiria. Alikutana na Siti uzeeni, kabla hajafariki mwaka 1950, akaona kwamba binti wa kijijini, muuza vyungu, anastahili wasifu kama wakubwa wengine. Bila yeye leo tungekuwa tunaokota vipandevipande tu. Lakini kumbukeni Shaaban Robert alikuwa nani. Alikuwa mshairi wa maadili. Alipomtazama Siti aliona somo la subira, bidii na heshima, na hilo ndilo alilotuandikia. Kosa ni letu sisi tunaofika ukurasa wa mwisho tukadhani Siti ameishia hapo.

Siti hakuwa kielelezo cha upole tu. Fikirini kidogo. Kabla yake taarabu ya heshima pale Unguja ilikuwa ya Kiarabu, ya majumba ya wakubwa. Yeye na kundi lake wakaiimba kwa Kiswahili, wakaishusha kwa watu wa Ng'ambo. Mwaka 1928 wakaenda Bombay kurekodi kwenye sahani za HMV, Kiswahili cha uswahilini kikazunguka pwani nzima. Na ndani ya nyimbo hizo kulikuwa na kesi za mahakamani, wenye vyeo, wanaume wanaopiga wake zao. Hata walipomcheka kwa sura yake, alijibu kwa wimbo, kwamba uzuri si hoja na akili ni kitu kingine. Sasa sisi tunachukua kisa hicho tunajadili kama kweli alikuwa mbaya wa sura! Yaani mtu amekujibu swali, wewe unaendelea kumkagua uso.

Najua mtakavyonijibu. La kwanza litakuwa: "Bila maisha ya mtunzi huwezi kuelewa wimbo." Kweli kabisa, nakubali. Mimi mwenyewe bila kisa kile ningeendelea kuchezea maiti ya mtu. Lakini angalieni kisa kimenisaidia wapi: kimenirudisha kwenye wimbo. Maisha yasiyokurudisha kwenye wimbo ni udaku, hata yakiwa na jalada gumu.

La pili: "Nyimbo zenyewe hakutunga zote yeye." Naam! Hapo ndipo utamu ulipo na hakuna aliyeugusa Ijumaa. Siti alifanya kazi na mafundi: Maalim Shaaban, Mbaruk Effandi Talsam wa Mombasa, Buda, Subeti. Walikuwa wanakutana, wanajadili habari za mjini, mmoja analeta maneno, mwingine sauti. Sasa nani mtunzi hapo? Ukitaka mjadala wa kukesha, huo hapo. Mwaka 1966 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilitoa kitabu kiitwacho Waimbaji wa Juzi, na kimewataja wote kwa pamoja, Siti na mafundi wenzake, pamoja na maneno ya nyimbo zao. Kwa Kiswahili! Yaani kazi ya kutuwekea nyimbo mezani ilishafanyika kabla wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa. Sisi hatukukigusa, tukakimbilia kubishana kuhusu buibui.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi: "Acha kukuza mambo, jamaa alikuwa anatania." Hapana, kaka. Hakutania, alihukumu. Wimbo ule umetungwa na watu waliochoka kusikia swali lile lile mahakamani. Ungekuwa umeusikiliza maneno yake hata mara moja, usingeweza kuuliza ulichouliza, kwa sababu ungejiona uko upande gani wa kesi. Lakini tulikuwa tumeshakubaliana, dakika ishirini kabla, kwamba Siti ni mfano wa mwanamke mwema mnyenyekevu. Tukishamfanya Siti kuwa mahubiri kwa dada zetu, ni rahisi sana kumuuliza marehemu alifuata nini usiku. Ni fikra moja hiyo hiyo, imepitia milango miwili.

Na mimi niliyekaa kimya sina pa kujificha. Nilikuwa nimesoma vitabu vyote viwili. Nilikuwa najua mwaka, najua Bombay, najua sahani. Kilipofika kipimo cha kama nimeelewa chochote, nikainamia karanga. Basi usomi wangu ulikuwa na faida gani?

Hili linanigusa kwa sababu ya ualimu. Mwezi ujao nitasimama mbele ya watoto hamsini na kitu, Kiswahili Kidato cha Tatu. Najua jinsi ilivyo rahisi kufundisha mwandishi kwa kuorodhesha: alizaliwa wapi, alisoma wapi, kazi zake ni zipi, funga daftari. Watoto watafaulu kabisa. Lakini nyuma ya darasa kutakuwa na msichana mmoja ambaye amewahi kuulizwa swali lile, na mimi nitakuwa nimebeba wimbo uliotungwa kumtetea, ila nimeuacha ofisini kwa sababu hauko kwenye maswali. Sitaki kuwa mwalimu wa namna hiyo. Tayari nimeshakuwa mwanafunzi wa namna hiyo, inatosha.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kijiwe ni sheria moja tu. Hakuna kufungua kitabu cha mwimbaji yeyote kabla hatujasikiliza wimbo wake mmoja mpaka mwisho, maneno yakiwa mkononi, na kila mtu aseme unamsema nani, unamtetea nani, na nani alichukia ulipoimbwa. Baada ya hapo tuje kwenye ndoa na mavazi kama bado kuna mwenye hamu. Zamu ijayo ni Remmy Ongala. Nawajua nyie, mtaanza na zile rasta zake na jinsi alivyotoka Kongo mwaka 1978. Anzeni na Mambo kwa Soksi. Kaimba habari za kondomu wakati ukimwi ulikuwa unamaliza watu, redio ya taifa ikaukataa. Tujiulize kwanza kwa nini ulikataliwa, na kama leo sisi tungekuwa tumekaa kwenye kiti kile tungeupitisha. Nina wasiwasi na jibu letu.

Jana nilimfuata yule dada, nikamkuta kwenye ngazi za maktaba na chai yake. Nikamwomba radhi kwa kukaa kimya. Hakunifokea, na hakunisifu kwa kuja. Akasema: "Mimi sikuondoka kwa sababu ya yule aliyesema, kaka. Wale nimewazoea. Niliondoka kwa sababu yako wewe uliyekuwa unajua." Sikuwa na la kujibu. Nikamuuliza kama atakuja Ijumaa. Akasema ataona.

Ijumaa saa kumi na moja, mwembe ule ule. Nitakuja na maneno ya Kijiti nimeyaandika kwa mkono, nakala kumi. Yule rafiki yangu aliyeuliza lile swali nimemwomba asome beti za mwanzo kwa sauti, naye amekubali, ingawa amenuna. Karanga juu yangu.

Nawakilisha. Maoni karibuni, mnipinge mpaka mchoke, ila ukija na lile swali la "alifuata nini", safari hii nitakujibu.