Kusoma si Kusadiki Tu



Iko desturi moja mabwenini mwetu ambayo naiona ni hasara kubwa, nami naomba ruhusa niiseme. Mtihani ukikaribia, kitabu chenyewe huwekwa kando, na daftari la muhtasari huzunguka kitanda kwa kitanda. Mwanafunzi hukariri dhamira tano na wahusika wanne, kisha husema, "Kitabu kile nimekimaliza." Amekimalizaje, naye hajakiuliza hata swali moja?

Natoa mfano wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Daftari litakuambia ya kwamba Karama alishtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, akajitetea kwa siku sita, mwisho akaachiliwa. Ni kweli, lakini hiyo ni mifupa mitupu. Msomaji aliye macho huanza kuuliza tangu jaladani. Jina Kusadikika latokana na kusadiki: je, ni nani atakiwaye kusadiki, na asadiki nini? Kwa nini mwandishi aliiweka nchi hiyo angani, mahali pasipokanyagika? Na mwaka ule wa 1951, Tanganyika ilitawaliwa na nani?

Swali hilo la mwisho jibu lake twalijua: Waingereza, mpaka tulipopata uhuru mwaka 1961. Basi daftari huandika, "Kusadikika ni ukoloni," na mstari ukapigwa chini. Mimi nasema tusiharakishe kukubali. Tufungue kitabu tuone: mfalme na wakubwa wake ni Wasadikika wenyewe, si wageni waliotoka ng'ambo. Je, mwandishi alimsema mkoloni peke yake, au alimsema kila mtawala asiyependa raia wake waijue sheria? Mimi naelekea jibu la pili. Waweza kunipinga, lakini nipinge kwa ukurasa, usinipinge kwa daftari.

Najua wenzangu watasema, "Muda hatuna, na kitabu ni kimoja kwa watu wanane." Sawa. Lakini kuuliza hakuhitaji kitabu cha peke yako. Wanane wakisomeana sura moja kwa zamu, kila mmoja akaandika swali lake katika karatasi (si katika kitabu cha maktaba!), saa moja ya kujisomea usiku yatosha kwa mabishano mazuri. Na sura uliyoibishania haikutoki kichwani upesi, hata siku ya mtihani.

Walimu wetu, twawaomba kwa heshima: kipindi kimoja kwa juma msitupe muhtasari, tupeni nafasi ya kuuliza. Nanyi wazazi wetu, tukija likizo msituulize tu tumesoma vitabu vingapi. Tuulizeni ni neno gani tulilolikataa kitabuni, na kwa sababu gani.

Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwakani mimi na wengi wa kidato chetu tutatimiza miaka 18. Tutapiga kura, tutatia sahihi mikataba ya kazi na ya mikopo, tutasoma magazeti na habari zinazotumwa kwa simu. Aliyezoea shuleni kukubali kila kilichopigwa chapa, huko nje atadanganywa na kila mwenye kalamu. Afadhali tujifunze kuuliza sasa, wakati kosa letu lagharimu alama tu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne