Jicho Jekundu si Ushahidi wa Uchawi

Mwanamke wa kijijini katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza huanza kupuliza moto wa mafiga angali msichana. Katika sehemu ambazo miti ilikwisha kufyekwa zamani, moto huo mara nyingi huwa wa mabua au mavi makavu ya ng'ombe, na jiko lenyewe ni chumba kidogo kisicho na dirisha. Hufanya kazi hiyo kila siku kwa miaka hamsini, akiwalisha wakwe, mume, watoto na wajukuu. Afikapo uzeeni macho yake huwa mekundu. Hapo jamii ile ile aliyoilisha humtazama usoni na kutamka kuwa ni mchawi.

Imani hii imeua watu wengi mno hata isiweze kuitwa ushamba tu. Kati ya mwaka 1970 na 1984, zaidi ya watu 3,600 waliuawa nchini Tanzania kwa tuhuma za uchawi, sehemu kubwa yao Usukumani, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Serikali ilipojaribu kuyazima mauaji hayo kwa nguvu mwaka 1976, baadhi ya watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola, na Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mwaka 1977. Kujiuzulu huko kunakumbukwa, na ni haki kukumbukwe. Vikongwe ambao vifo vyao ndivyo vilivyoleta msako ule hawakumbukwi hata kwa majina.

Kwa nini mwanamke? Mzee mwenye ng'ombe na wake kadhaa akifika miaka themanini, umri wake huitwa baraka. Macho yake nayo huweza kuwa mekundu, kwa pombe au kwa vumbi la machungani, lakini hakuna ayahojiye. Mjane hana kinga hiyo. Aliolewa kutoka kwingine kwa mahari ya ng'ombe, akathaminiwa alipokuwa akizaa na kulima. Desturi, iliyoandikwa katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, husema kuwa mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Basi hubaki juu ya shamba alilolilima mwenyewe kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Mtoto wa jirani akifa kwa homa, na mpiga ramli akachinja kuku na kutazama matumbo yake, kidole humwelekea asiye na mtetezi.

Wapo wasemao kuwa yote haya ni ujinga utakaokwisha wenyewe. Uchunguzi wa mchumi Edward Miguel katika wilaya ya Meatu, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa mauaji ya wadhaniwao wachawi yaliongezeka mara mbili katika miaka ya ukame au mafuriko, ilhali mauaji mengine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao. Njaa ilichagua mwaka. Dharau kwa mwanamke ikamchagua mtu.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 hufanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa ni kosa. Lakini nani ataisimamia, ikiwa mtumishi aliyesoma huukana uchawi mchana, na usiku humwendea mganga kutafuta cheo? Mwalimu anayefundisha sayansi anaweza kueleza moshi hufanya nini ndani ya jicho, na watoto wakayapeleka maelezo hayo nyumbani kwa bibi zao. Ofisa wa kata husikia fununu wiki nyingi kabla ya panga kunolewa. Naye mpelelezi, akiisha kumtafuta aliyeshika panga, afike tena kijijini msimu wa kupanda na kuuliza ni nani anayelilima sasa shamba la marehemu.